AFCON 2027: Wasanii wa mikoani watapanda jukwaani, au wataishia kupokea wageni uwanja wa ndege?

#1 Mwana_wa_Mpwapwa

Wakuu, habari za jioni.

Hoja yangu ni hii. Yakija mashindano makubwa, vikundi vya ngoma za asili ndivyo vinavyoitwa wa kwanza na ndivyo vinavyoondoka wa kwanza. Mnapangwa mstari uwanja wa ndege, jua la saa saba, timu inashuka, mnapiga dakika tano, wachezaji wanapanda basi huku wamevaa vizibo vya masikioni, kwisha. Jukwaa lenye taa na kamera linakwenda kwa msanii ambaye tunamsikia redioni kila siku. Sina ugomvi na Bongo Fleva, wanangu wote wanaisikiliza. Ninachouliza ni kwa nini mgao uwe hivyo kila mara.

AFCON 2027 tumepewa sisi, Kenya na Uganda tangu Septemba 2023. Jina lenyewe Pamoja. Mimi Mgogo. Marehemu Hukwe Zawose alitoka huku kwetu Dodoma na zeze na marimba yake akafika tamasha la muziki la WOMAD, akarekodi kwa mwanamuziki Peter Gabriel kule kwenye lebo yake ya Real World. Wazungu walikaa kimya wakamsikiliza mpaka mwisho. Kwa hiyo hoja ya kwamba ngoma zetu hazina soko siipokei.

Kwa nini basi? Na tuanze lini kudai, sasa au wiki mbili kabla ya mechi ya kwanza?

#2 Kipanga_Ilala

Mkuu, jibu fupi: mashabiki wanakuja kuangalia mpira. Kabla ya mpira wanataka wimbo wanaoujua wote elfu sitini wauimbe pamoja. Ngoma ya muheme ya Wagogo naiheshimu, ila nani pale Mkapa ataitikia?

#3 Mama_Chilonwa

#2, muheme hujawahi kuisikia ikipigwa na akina mama kumi na tano, ngoma katikati ya mapaja. Ungeisikia usingeuliza nani ataitikia. Hata hiyo nyimbo unayosema wanaijua wote, wameijua kwa kupigiwa. Wapigieni hii nayo mwezi mzima muone.

#4 Fundi_Mitambo

Nimefunga spika kwenye sherehe za viwanjani muda mrefu, niseme kitu ambacho hakisemwi.

Sherehe ya ufunguzi kwenye mpira haina muda. Nyasi lazima zilindwe, timu zinataka kupasha misuli, na televisheni ina dakika yake ya kuingia hewani ambayo haingoji mtu. Jukwaa linasukumwa kwa magurudumu na kuondolewa hapo hapo. Hakuna nafasi ya kujaribu maiki ishirini.

Halafu kuna fizikia. Sauti inakwenda kama mita 340 kwa sekunde. Mpiga ngoma aliye goli la kaskazini na mwenzake aliye goli la kusini wana mita mia na zaidi kati yao, kwa hiyo kila mmoja anamsikia mwenzake akiwa amechelewa karibu theluthi ya sekunde. Kwenye ngoma theluthi ya sekunde ni maafa. Ndiyo maana kila kitu kinarekodiwa studio kabla na uwanjani watu wanaigiza kupiga. Beijing 2008 hata binti aliyeonekana akiimba kwenye ufunguzi siye aliyekuwa na ile sauti. Msanii wa pop amezoea pleibeki, yaani kuigiza juu ya sauti iliyorekodiwa. Mzee wa zeze ukimwambia aigize kupiga, anakuona umemtukana.

Kwa hiyo si chuki. Ni mazingira ya kazi.

#5 Ingwe_Damu

Sasa wadau. Mimi niko Kakamega, na naona mnapigania mlango ambao sisi tulishaingia kupitia dirishani.

Isukuti ya Waisukha na Waidakho iko kwenye orodha ya UNESCO tangu 2014, ile ya urithi unaohitaji kulindwa haraka. Ngoma tatu, kubwa, ya kati na ndogo, pamoja na baragumu ya pembe na filimbi. Na mtu yeyote aliyewahi kukaa upande wa mashabiki wa AFC Leopards anaijua isukuti, hata kama hajawahi kukanyaga Shinyalu. Inapigwa dakika tisini zote, inaamsha timu ikilala. Hakuna aliyetupa kibali wala jukwaa.

Ninachoogopa mimi si kukosa ufunguzi. Naogopa askari wa mlangoni wa mashindano makubwa atakayesema ngoma ni kifaa kisichoruhusiwa, niiache nje na chupa ya maji.

#6 Kipanga_Ilala

#5 hiyo isukuti ilikuwa wapi mlipotolewa na Madagascar kwa penalti kwenye CHAN, ile michuano ya wachezaji wa ligi za ndani? Haikuamsha mtu siku ile 😀

#7 Ingwe_Damu

Na nyinyi mlitolewa na Morocco siku hiyo hiyo nyumbani kwenu kwa Mkapa, ndugu. Waganda wakafuata kesho yake kwa Senegal. Tulitoka robo fainali sote watatu, Pamoja kweli kweli. Turudi kwenye uzi.

#8 Bint_Kizimkazi

Niko Uingereza miaka mingi. #1 nakuunga mkono, lakini mfano mzuri upo, na ulihusu Kiswahili chenyewe. Wakati wa Olimpiki ya London 2012, ukumbi wa Globe waliweka tamthilia zote 37 za Shakespeare katika lugha 37. Kiswahili kilipewa ile ya wake wa Windsor. Nilisimama uani pale mbele, tiketi ya kusimama pauni tano, nikacheka mpaka mbavu zikauma. Wazungu waliokuwa pembeni yangu hawakujua neno lakini walicheka nasi. Wasanii wa kwetu, Tanzania, jukwaa lote lao, saa zaidi ya mbili. Hakuna aliyewaambia dakika tano.

#9 Mwalimu_Fasihi

Dada #8, asante kwa kumbukumbu nzuri. Tuweke sawa mambo mawili ili wanafunzi wanaosoma hapa wasipotoke.

Onyesho lile lilikuwa Aprili 2012, na Olimpiki ilifunguliwa 27 Julai. Lilikuwa sehemu ya programu ya utamaduni iliyoambatana na Olimpiki, ila michezo yenyewe ilikuwa bado miezi mitatu. Na kundi lilitoka Nairobi, The Theatre Company wakishirikiana na Bitter Pill. Mtanzania alikuwamo, tena katika nafasi kubwa: Mrisho Mpoto alicheza Falstaff, mhusika mkuu. Kwa hiyo ni kazi ya Wakenya na Watanzania pamoja.

Tofauti ya tarehe ni muhimu kwa hoja yenu. Msanii alipata saa mbili kwa sababu hakuwekwa kwenye siku ya mchezo. Aliwekewa msimu wake. Mwezi uliofuata Sudan Kusini, nchi ambayo haikuwa imetimiza hata mwaka, ilileta Cymbeline, tamthilia nyingine ya Shakespeare, kwa Kiarabu cha Juba pale pale. Ukiwaleta watu wale wapige ngoma dakika tano kabla ya mbio za mita mia, nani angekumbuka?

#10 Kipanga_Ilala

Mwalimu shikamoo. Lakini Globe ni watu wa tamthilia waliolipa kuona tamthilia. Sisi tunaongelea mpira.

#11 Mzee_wa_Orlando

Mpira basi. Nilikuwa Johannesburg 2010, nikifanya kazi huko.

Kombe la Dunia la kwanza Afrika. Tamasha la kufungulia likatangazwa: Black Eyed Peas, Alicia Keys, Shakira, John Legend. Waafrika walikuwamo, Angélique Kidjo, Amadou na Mariam, Tinariwen, Vieux Farka Touré. Ila wenyeji walikuwa wachache mno, wa kuhesabika kwa vidole vya mkono mmoja. Wasanii wa Afrika Kusini wakachachamaa. Chama chao cha wafanyakazi wa sanaa, CWUSA, kikapiga kelele hadharani wiki hadi wiki. Baadaye majina yakaongezwa: Hugh Masekela, Lira, Freshlyground na wengine.

Somo nililotoka nalo: hawakuongezwa kwa sababu mtu alipenda utamaduni. Waliongezwa kwa sababu walikuwa na chama, na chama kilikuwa na msemaji, na msemaji alikuwa na gazeti. #1 umeuliza kwa nini. Kwa sababu hatuna chama cha namna hiyo. Halafu Shakira akafungua mechi ya kwanza na wimbo wake na dunia nzima ikaimba, wenyeji wakaitikia nyuma.

#12 Dj_Mwenge

Mzee #11, mechi ya kwanza ya 11 Juni Soccer City Shakira hakuimba. Aliimba usiku wa kuamkia, 10 Juni, tamasha la Orlando pale Soweto, na akarudi siku ya fainali 11 Julai. Ufunguzi wa uwanjani walikuwapo akina Masekela, Femi Kuti, Khaled, Osibisa na wenyeji kama TKZee.

Na kiitikio cha Waka Waka, wimbo huo wa Shakira, ni cha Wakameruni, Golden Sounds, wimbo wa Zangalewa wa 1986, uliopendwa mpaka makambi ya jeshi na skauti kote Afrika. Freshlyground walioimba naye ni bendi ya Cape Town yenye watu wa Afrika Kusini, Zimbabwe na Msumbiji. Kwa hiyo sauti ya kwetu ilikuwamo. Swali ni nani alikuwa mbele ya kamera.

#13 Mwana_wa_Mpwapwa

#12 hapo ndipo penyewe. Sauti ya kwetu, uso wa mwingine.

#14 Nakabango

Nawasalimu kutoka Jinja, Uganda. Mimi ni mtu wa Busoga.

Sisi tuna bigwala, tarumbeta za vibuyu. Zinapigwa tano au zaidi, na kila kibuyu kina sauti moja tu. Wimbo unapatikana kwa kupokezana: wewe unatoa yako, mwenzako yake, na hapo ndipo linazaliwa neno la wimbo. Zilikuwa za kifalme. Falme zilipofutwa 1967 wapigaji wakakosa kazi, na 2012 UNESCO wakaiweka katika urithi ulio hatarini. Wazee wanaoijua vizuri ni wachache.

Sasa kisa changu. Tuliitwa kwenye sherehe moja kubwa ya michezo, siitaji. Mratibu akatuambia nafasi kwenye basi ni za watu wawili tu. Nikamweleza kwamba watu wawili ni sauti mbili, hakuna wimbo hapo. Akasema, «Hao wawili watosha, ni kwa ajili ya picha.» Tulirudi nyumbani. Kikundi kingine kikaenda kikapigwa picha.

Fundi #4 anasema ni mazingira ya kazi, namheshimu. Lakini yule bwana hakuzungumza habari za sauti wala nyasi. Alizungumza habari za picha. Hii ndiyo sababu ya kweli kwangu: tunahitajika kwa macho, si kwa masikio.

#15 Mama_Chilonwa

#14 umenitoa machozi. Na sisi tuliambiwa ngoma ziachwe, shanga zije.

#16 Fundi_Mitambo

#14 pole sana ndugu. Hapo mtu hakujua kazi yake, sitamtetea.

Ila nikueleze kwamba bigwala kwa fundi mwenye nia ni rahisi kuliko mnavyodhani. Kwa kuwa wapigaji wanapokezana, wasimame karibu karibu, nusu duara, maiki mbili au tatu juu yao, basi. Wasitawanywe uwanjani. Kinachoniua mimi ni mratibu wa picha anayetaka wasanii mia mbili wasambae nyasi nzima watengeneze ramani ya Afrika. Hapo lazima niweke sauti ya kurekodi.

#17 Shaibu_wa_Mchambawima

Assalaam aleykum. Niongeze la Unguja. Mechi za CHAN zilichezwa Amaan, na mji ulichangamka kweli. Mimi ni mpiga fidla, tunapiga kidumbaki na taarab. Mwaka fulani, si wa CHAN, tuliitwa kupiga kwenye eneo la mashabiki lenye skrini kubwa. Malipo yakawa chai na ahadi ya kutangazwa. Kule pembeni, mtu aliyekuja na kompyuta kupiga nyimbo za watu alilipwa taslimu usiku ule ule.

Wazee wangu walikuwa wanasema taarab haina haraka. Wimbo mmoja robo saa, watu wanakwenda kutunza, wanarudi. Mwenye ratiba anasema dakika tatu. Ukikata taarab dakika tatu umebaki na utangulizi. Marehemu Bi Kidude alipewa tuzo ya WOMEX, maonyesho ya muziki wa dunia, 2005, dunia ilimjua, lakini dunia ile ilimpa nafasi ya kukaa, avute pumzi, apige msondo wake.

#18 Mratibu_Mstaafu

Wakuu, nimekaa upande wa pili wa meza, niruhusuni niseme bila kuchukiwa.

Nimeratibu burudani za mashindano. Pesa za wadhamini huja na masharti. Mdhamini wa kinywaji au wa simu tayari ana mkataba na msanii wake, na anataka sura ile ile ya kwenye bango ionekane kwenye nyasi. Hata kamati ikipenda zeze, kifungu kipo. Nyinyi mnalaumu kamati, kamati imefungwa mikono.

La pili, vikundi vingi havina makaratasi. Nikiomba usajili wa BASATA, yaani Baraza la Sanaa la Taifa, akaunti ya benki ya kikundi, namba ya mlipakodi, majina kamili ya watu kwa ajili ya vitambulisho vya mlangoni, naletewa namba ya simu ya mjomba wa mwenyekiti. Vitambulisho vinafungwa tarehe fulani na polisi hawaongezi jina. Hapo nakupigia simu wewe mwenye meneja, kwa sababu saa moja baadaye yote yapo kwenye barua pepe.

#19 Mwana_wa_Mpwapwa

#18 asante kwa uwazi. Lakini makaratasi ni kazi ya mwezi mmoja kwa afisa utamaduni wa wilaya. Kila wilaya ina afisa utamaduni. Kama kazi yake si hiyo, ni ipi?

#20 Baga_Pwani

Mimi wa Bagamoyo. #1 umemtaja Mzee Zawose kana kwamba alitoka Dodoma moja kwa moja akafika WOMAD. Mzee aliitwa Dar enzi za Mwalimu, akaingia kundi la taifa la ngoma, akafundisha Chuo cha Sanaa hapa kwetu, ambacho leo ni TaSUBa. Watoto na ndugu zake wengi walilelewa kimuziki hapa. Kipaji kilitoka Ugogo, lakini nyuma yake ilikuwapo taasisi yenye mshahara na nyumba. #18 anasema makaratasi, #11 anasema chama. Mimi nasema taasisi. Ile ya kuwapeleka wasanii duniani kwa gharama ya serikali tuliiacha.

#21 Mwana_wa_Mpwapwa

Na huyo aliyemwita alimsikia wapi, Baga_Pwani? Kijijini. Leo nani anakwenda kijijini kusikiliza?

#22 Umuvugangoma

Amahoro. Mimi ni Mrundi, niko Kigoma kikazi.

Mnatamani serikali ishike ngoma. Sisi ngoma zetu za kifalme ziliingia UNESCO 2014, na Oktoba 2017 ikatoka amri ya Rais: wanawake wasipige, na anayetaka kualika kikundi nje ya shughuli rasmi aombe kibali na ailipe serikali. Ngoma ikalindwa, lakini dada zangu waliokuwa wanapiga wakabaki nje. Kwa hiyo mkisema «taasisi», semeni pia nani atakuwa na ufunguo wake.

#23 Mama_Chilonwa

Hilo limenishtua. Muheme ni ya wanawake. Mtu akija na amri kama hiyo Ugogo atapigwa na michi.

#24 Saint_Denis_254

Watu wangu. Naishi Ufaransa. Paris 2024 tuliona pande zote mbili za huu uzi.

Ufunguzi ule wa mtoni, Aya Nakamura, mzaliwa wa Bamako aliyekulia vitongoji vya Paris, aliimba na bendi ya kikosi cha walinzi wa Jamhuri. Miezi kabla walimtukana sana, watu wa mrengo wa kulia walisema hawakilishi Ufaransa. Aliimba na dunia ikaona. Hilo ni jukwaa kuu.

Upande wa pili, Île-Saint-Denis kuliwekwa Station Afrique, eneo la mashabiki la nchi za Afrika. Ngoma, chakula, watu wanacheza mpaka usiku, watoto wanafundishwa hatua. Hakuna aliyekimbizwa na televisheni. Kama ni kuchagua, mimi ningepigania maeneo ya mashabiki. Michuano ni wiki nne, ufunguzi ni dakika chache. Kila mji wenye uwanja, Dar, Zanzibar, Arusha, Nairobi, Kampala, Hoima, uwe na jukwaa la jioni kila siku, na wa hapo hapo ndio wapewe.

#25 Shaibu_wa_Mchambawima

#24 nimekusoma. Ila hayo maeneo ndiko nilikolipwa chai. Tamasha la pembeni hugeuka mahali pa kutuweka ili tusisumbue. Nataka jioni hizo, na nataka mkataba.

#26 Mwalimu_Fasihi

Kwa kumbukumbu tu. Coubertin, mwanzilishi wa Olimpiki ya kisasa, alitaka sanaa iwe mashindano kamili. Kuanzia Stockholm 1912 hadi London 1948 kulikuwa na medali za usanifu majengo, fasihi, muziki, uchoraji na uchongaji. Yeye mwenyewe alipata dhahabu ya fasihi 1912 kwa majina ya kubuni. Medali zikafutwa, yakaja maonyesho na matamasha, na Barcelona 1992 wakaanzisha programu ya utamaduni ya miaka minne. Leo Mkataba wa Olimpiki unamlazimisha mwenyeji kuandaa programu ya utamaduni. Ni kifungu, si hisani.

Je, mkataba wa wenyeji wa AFCON una kifungu kama hicho? Mratibu #18, wewe uliyekaa mezani, tusaidie.

#27 Kipanga_Ilala

Kumbe mzungu alijipa medali mwenyewe 😀 Mwalimu hii ningeijua shuleni ningefaulu.

#28 Mratibu_Mstaafu

Mwalimu, hata kikiwapo kifungu, bila bajeti yake peke yake kinamezwa na usalama na usafiri. Nimeona fungu la burudani likikatwa mara mbili ndani ya wiki moja. La kwanza kukatwa ni vikundi vikubwa, kwa kuwa watu ishirini wanataka vitanda ishirini. Msanii mmoja na kompyuta ni chumba kimoja.

#29 Nakabango

Basi tumefika kwenye vitanda. Jana ilikuwa basi.

#30 Ingwe_Damu

Nakabango, mkija Kakamega vitanda viko, tutawagawanya majumbani kama tunavyofanya kwenye mazishi na harusi. Wasanii wa kwetu wana watu. Kamati zikilipa jasho tu, malazi tunajua wenyewe.

#31 Mratibu_Mstaafu

#30 polisi hawatakubali mtu mwenye kitambulisho cha uwanjani alale asikojulikana. Ni kweli, msinirushie mawe.

#32 Mama_Chilonwa

Wakilala kwa Mama Chilonwa wanajulikana kuliko hotelini. Mwambie huyo polisi aje naye ale.

#33 Fundi_Mitambo

Nakabango, nitumie ujumbe pembeni ukiwa na rekodi ya hizo bigwala zikipigwa na watu watano nje, si ndani ya chumba. Nataka nisikie kila kibuyu kinakaa wapi kabla sijamchorea mtu mchoro wa maiki. Na wewe Mwana_wa_Mpwapwa, hao akina mama wa muheme wanapiga wamesimama au wamekaa?

#34 Mama_Chilonwa

Wamesimama, Fundi, ngoma imebanwa mapajani na mwili wote unakwenda nayo. Maiki ya kusimama itagongwa. Tafuta ya juu.